Kondoa Ingetembezwa Kama Ngazidja

Mtu wa Dodoma akipata likizo na akiba kidogo, macho yake huelekea baharini. Simlaumu. Zaidi ya nusu ya mwaka tunakula vumbi, na maji mengi tuliyozoea kuyaona kwa pamoja ni ya bwawa la Hombolo. Wengi huishia Zanzibar. Mimi na mke wangu tulisogea mbele kidogo: treni ya mwendokasi mpaka Dar es Salaam, kisha ndege kwenda Moroni, Komoro, safari ambayo haikufika hata saa mbili angani. Habari za hoteli sitaziandika, wanaoziandika wapo. Ninayo ya kusema juu ya siku tuliyolipia kutembezwa Ngazidja, kisiwa ulipo mji huo wa Moroni, kuanzia alfajiri hadi magharibi, kwa sababu tangu siku ile nina ugomvi na jinsi tunavyowatembeza wageni huku kwetu, hasa Kondoa.

Ngazidja ni mlima uliotoka baharini, na mlima wenyewe haujamaliza kazi. Karthala una mita 2,361 na bado ni volkano hai. Kaskazini kuna volkano nyingine ya zamani, La Grille, yenye vilima vingi vilivyochongoka kama vichuguu. Barabara inazunguka kisiwa ikifuata pwani, na kila baada ya mwendo unakatiza ulimi wa lava ulioshuka kutoka juu mpaka majini. Mwingine mweusi tii, hauna hata jani. Mwingine umeanza kuota kuvu na majani ya kangaga. Mwingine ni shamba kabisa, migomba na mihogo imejaa, na usipoambiwa hujui kwamba chini yake ni mwamba ulioganda. Kwa sisi tuliokulia kwenye majabali ya Dodoma, mawe yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni mbili, kukanyaga jiwe ambalo mzee aliyesimama pembeni yako analizidi umri ni jambo linalovuruga akili.

Mwongozaji wetu alikuwa kijana aliyewahi kusoma Dar es Salaam, Kiswahili chake kimenyooka. Kitu cha kwanza alichotuambia hakikuwa urefu wa mlima. Alisema: hapa hakuna mto hata mmoja unaotiririka mwaka mzima. Nikakaa sawa kwenye kiti. Mvua zao ni nyingi, hasa miteremko ya magharibi, lakini mwamba bado ni mpya kwa umri, umejaa nyufa na vitundu. Maji yanazama moja kwa moja, yanakwenda kutokea ufukweni yameshachanganyika na chumvi. Kwa hiyo vijiji vya juu vinaishi kwa maji ya mvua. Kila nyumba yenye uwezo ina birika la saruji pembeni, na bati la nyumba ndilo linaloyakusanya. Mwaka 2005 Karthala ulipolipuka, aliendelea, majivu yalianguka juu ya mabati na ndani ya mabirika, na watu wengi mno wakajikuta hawana maji ya kunywa. Mke wangu anasema mimi nageuza kila likizo kuwa kikao cha mamlaka ya maji. Pengine. Lakini mtu wa Dodoma anayetegemea maji ya visima vya Mzakwe atawezaje kuyasikia hayo akatulia?

Iconi tulipita mapema. Ni mji wa masultani wa zamani, na juu yake kuna ukingo mrefu wa mwamba ambako wanawake walijirusha wasichukuliwe utumwani na wavamizi kutoka Madagaska. Kisa kizito, na kijana alikisimulia vizuri, ila kilikuwa kimesimuliwa mara nyingi mno. Ungeweza kusikia mahali alipozoea kuvuta pumzi.

Singani ilikuwa habari nyingine. Mwaka 1977 lava ilipasuka ubavuni mwa Karthala, upande wa kusini-magharibi, ikashuka mpaka kijijini, ikafukia nyumba nyingi, ikaendelea kwenda baharini. Watu walikuwa wamehamishwa. Baadaye walirudi, wakajenga tena papo hapo. Sasa, kwenye ziara nyingi nilizowahi kwenda, hapa ndipo gari lingesimama mahali palipoinuka, mngeambiwa mpige picha, dakika kumi, twende. Kijana wetu hakufanya hivyo. Aliingiza gari kijijini, akashuka peke yake, akamsalimia mzee mmoja kwa ile salamu yao ya mdogo kwa mkubwa, "kwezi", mzee akaitikia, wakazungumza. Ndipo tukaitwa. Tukaamkia shikamoo kwa desturi yetu, mzee akacheka, akaitikia marahaba bila kufundishwa.

Alitutembeza kwa miguu. Hapa palikuwa na nyumba ya fulani. Hapa njia ya kwenda kisimani. Kijana akaongeza jambo juu ya jiko la bibi mmoja, mzee akamkatiza: si upande huo. Wakabishana pale juu ya lava nyeusi, kila mmoja akionyesha kwa mkono, mpaka mama mmoja aliyekuwa akianua nguo akaingilia na kumpa mzee haki. Kijana akakubali. Mimi nasema dakika zile ndizo nilizozilipia nauli ya ndege. Mwongozaji anayekubali kusahihishwa na mwenye kijiji mbele ya wageni wake ni bora kuliko yule mwenye majibu yote mfukoni, na sijali huyo wa pili ana cheti cha chuo gani.

Alasiri iliharibika kidogo. Chomoni ni pwani nzuri, mchanga mweupe na mawe meusi ya lava ndani ya maji ya kijani. Tukaoga, tukala samaki na mataba, ambayo ni kisamvu cha nazi, nami sina neno. Ziwa la Chumvi, lile lililojaa kwenye kreta hatua chache kutoka baharini, tulisimama pia. Lakini kuanzia hapo ikawa mbio. Mitsamiouli, mji mkubwa wa kaskazini, nimeuona kwa dirishani. Kuzunguka kisiwa kizima kwa siku moja kunauzika kwa sababu kunasikika kuzuri kwenye tangazo. Ningekuwa mimi ningekata nusu: kusini tu, na nafasi ya kukaa bangweni, ule uwanja wa kijiji ambako wazee hukaa kwa daraja zao, na aliyekwisha kufanya harusi kubwa ya ada ana mahali pake ambapo kijana hathubutu kukalia. Tulipita mabangwe mengi. Tulikaa moja, kwa muda wa kikombe cha kahawa.

Na jambo la fedha. Mzee wa Singani hakuwa ndani ya bei ya ziara. Kijana alimpa kitu kutoka mfukoni mwake, kwa siri, kama anayelipa deni. Hilo halikunipendeza. Kama kumbukumbu ya mzee ndiyo inayouzwa, basi iandikwe kwenye bei kama inavyoandikwa mafuta ya gari.

Sasa nirudi nyumbani.

Tangu lami ya Dodoma hadi Babati ilipofunguliwa mwaka 2018, Kondoa imekuwa safari ya siku moja bila taabu. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, na kwa kuwa Dodoma sasa ni mji wa mikutano, kila mara utasikia wajumbe wa semina fulani wamepelekwa Kolo, kijiji ambako michoro hiyo hutembelewa. Utaratibu ni uleule. Mnaondoka alfajiri, mnafika Kolo, mnapanda, mnaonyeshwa watu wembamba warefu waliochorwa kwa rangi nyekundu, twiga, pofu, mnaambiwa kwamba Mary Leakey, yule mtafiti wa mambo ya kale, alikuja kuinakili mwaka 1951, mnapiga picha, mnashuka, mnakula kuku Kondoa mjini, mnarudi mmelala garini.

Siidharau michoro. Ningependa hata ielezwe vizuri zaidi: kwamba wataalamu hawakubaliani inasema nini, kwamba wapo wanaoihusisha na ngoma za uponyaji za Wasandawe, kwamba mahali kama Mungomi pale Kolo bado Warangi hufanyia matambiko yao. Ugomvi wangu ni na kile kinachopitwa njiani. Ukiikaribia milima ya Irangi, angalia nje. Ardhi imepasuka. Kuna makorongo ambayo ghorofa ingezama ndani yake, yamechimbwa na maji kwenye udongo mwekundu, na kati yake kuna mashamba, na kwenye kingo kuna miti ambayo haikujiotea tu. Hiyo ni historia kubwa kama lava ya Singani, na hakuna anayesimamisha gari.

Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, wenyeji wanaujua kwa jina la HADO, kwa msaada wa Sweden. Yakachimbwa makingamaji, ikapandwa miti na katani. Haikutosha. Mwaka 1979 ukafika uamuzi ambao sijui kama kuna mwingine mkali kama huo katika historia ya ufugaji wetu: mifugo yote ikaondolewa kwenye eneo lililomomonyoka, zaidi ya kilomita za mraba elfu moja. Ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda. Wengine wakapeleka mifugo kwa jamaa nje ya eneo, wengine wakahama nayo, wengine wakauza. Ufugaji wa ndani ulikuja kuruhusiwa baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa masharti.

Mke wangu ni Mrangi, na baba mkwe alikuwa kijana wakati huo. Ukimuuliza, atakupeleka ukingoni mwa korongo na kukuonyesha kwa fimbo mahali maji yalipokuwa yakipita kwa kishindo akiwa mtoto, na nyasi zilizoyatuliza. Miti ilirudi, anasema. Halafu, katika pumzi ileile: watoto walikosa maziwa, na mahari ikawa maneno matupu. Hachagui upande. Nimejaribu kumlazimisha achague, akaniuliza kama chai yangu imepoa.

Na mambo si mepesi hata ukiacha hisia. Mifugo ilikuwa mingi, ni kweli. Lakini pia misitu ilifyekwa wakati wa mkoloni ili kufukuza mbung'o, miteremko ikalimwa bila matuta, na watafiti waliochunguza udongo wa bonde la Haubi wanasema mmomonyoko ulianza zamani sana, kabla Mjerumani hajafika. Nani alaumiwe, basi? Mgeni aliyepewa swali hilo akiwa amesimama mbele ya korongo lenyewe, na mzee na mwongozaji wakibishana pembeni yake, atarudi Dodoma akiwa macho kabisa garini.

Nimeliongea hili na mwongoza watalii mmoja ninayemfahamu. Alinijibu kwamba wageni hawataki huzuni, wanataka picha. Sikubaliani naye. Pale Singani hakuna hata mmoja kwenye basi letu dogo aliyeomba tuharakishe, na wapo waliokuwa wanalalamika juu ya kiyoyozi tangu Moroni. Jibu lake la pili lilikuwa na uzito zaidi: kwamba habari ya mifugo bado ina uchungu, kuna waliopoteza na kuna waliosimamia, na wote wanaishi kijiji kimoja. Hapo nakiri ana hoja. Ndiyo maana asisimulie yeye. Apeleke wageni kwa waliokuwapo, zaidi ya mmoja, naye atafsiri.

Ningeipanga hivi: kupanda Kolo asubuhi, jua halijakaza, na kuona michoro kwa utulivu bila kukimbizana kuimaliza yote. Kisha kushuka vijijini, makorongo, nyumba yenye ng'ombe wa ndani wanaokatiwa majani. Chakula cha mchana kisiwe mjini. Kiwe kwa mwenye nyumba, ugali na mlenda na kuku wa kienyeji, kwa bei iliyoandikwa kabla, na fungu la mzee na la aliyepika lijulikane tangu Dodoma. Wasipigwe picha watu wasiojua picha inakwenda wapi. Na tafadhali, hakuna kuitisha ngoma. Tumewafanyia hivyo Wagogo vya kutosha, ngoma inayopigwa saa nne asubuhi kwa ajili ya wageni watatu walioshuka kwenye gari la ofisi.

Baba mkwe nimemuuliza kama atakubali kupokea watu. Amekubali, ila ana masharti: waje baada ya mavuno, sio wakati wa palizi, wasizidi wanaoweza kukaa kwenye mikeka yake, na mwenzake wa kijiji cha pili, ambaye hawajakubaliana juu ya HADO tangu ujana wao, naye aitwe na alipwe sawa na yeye. Rafiki yangu mwongozaji ameshachukua namba ya simu.