Wimbo Mpya Kila Dominika: Benchi Nalo Liimbe Nini?

Katika parokia nyingi za Mwanza, Misa ya kwanza ikishatoka, mabishano yanayobaki nje ya kanisa huwa ni ya nyimbo. Mahubiri watu huyapokea wakanyamaza, lakini wimbo wa komunio kila mtu ana lake la kusema. Mama wa WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki, atakwambia kwaya ya vijana imegeuza shukrani kuwa ukumbi wa harusi. Kijana wa VIWAWA, chama cha vijana Wakatoliki, naye atakwambia kwaya ya wazee inampa usingizi, na kwamba wapo rafiki zake waliokwishahamia kwa walokole, ambako angalau mtu anaruhusiwa kupiga makofi. Wote wawili wanasali jumuiya moja. Nimewasikiliza watu wa namna hii kwa muda mrefu, na naona ubishi wao wa ngoma na kinanda, wa polepole na haraka, unaliacha pembeni jambo zito zaidi: waamini walioko kwenye mabenchi wanaimba, au wanasikiliza tu?

Niseme kwanza ninachopenda mimi, msomaji ajue nimesimama wapi. Napenda wimbo wa komunio unaokwenda taratibu, wenye kiitikio kifupi, ambao mtu anayerudi kutoka kupokea anaweza kuuitikia akiwa ameinamisha kichwa. Napenda ngoma na manyanga siku ya kutolea mavuno, pale mahindi, mpunga, jogoo na pengine sato aliyevuliwa usiku huo vinapopita katikati ya kanisa na msururu hauishi. Hapo wimbo mrefu una kazi yake. Sipendi nyimbo ambazo kila ubeti ni mimi, wangu, nimeinuliwa, nimebarikiwa, hadi unafika mwisho hujui Kristo alitajwa wapi. Na kinanda kilichowekewa mdundo wa mashine kikaachwa kijiendeshe kinanikera, kwa sababu waimbaji wanakimbizwa na kitu kisichojua mtu anavuta pumzi saa ngapi.

Hayo ni mapendeleo. Yana nafasi yake moyoni mwangu, ila hayana haki ya kuwa sheria ya parokia. Lakini mapendeleo ya mwenyekiti wa kwaya nayo hayana haki hiyo, wala ya paroko mpya aliyekuja na nyimbo za jimbo alikotoka.

Wanaotaka utulivu wana hoja yenye mizizi. Wapo bado bibi na babu kwenye parokia zetu wanaoimba Misa ya Malaika kwa Kilatini bila kitabu, Kyrie mpaka Agnus Dei, ilhali Kilatini hawakukisoma shule yoyote. Walifundishwa na makatekista, na sauti zile zikakaa mwilini. Wamisionari wa Afrika, shirika la mapadre kutoka Ulaya waliojulikana kama White Fathers, waliofungua misheni ya Bukumbi mwaka 1883, na wenzao waliowafuata kandokando ya ziwa, walileta muziki wa Kanisa kama walivyoujua wao. Kisha mwaka 1903 Papa Pius wa Kumi alitoa waraka uliokataza ngoma na vyombo vyote vya kelele kanisani. Mzee anayekunja uso akisikia ngoma altareni hajabuni chuki yake mwenyewe. Ameirithi katika kanuni iliyokuwa hai utotoni mwake. Ikumbukwe tu kwamba waraka ule ule ulikataza na piano, jambo ambalo watetezi wa kinanda kama chombo pekee kitakatifu huwa hawalitaji.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa zima, ulibadili hali hiyo. Konstitusyo ya Liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963 iliupa wimbo wa Kigregori, yaani ule wa kale wa Kilatini, nafasi ya heshima na kukisifu kinanda cha mabomba, lakini papo hapo ikasema kwamba muziki wa mataifa ya misioni upewe uzito unaostahili, na vyombo vingine viruhusiwe ikiwa vinafaa kwa ibada. Yaani anayependa Kilatini ana aya yake ya kushika, na anayependa ngoma ana yake.

Huku kwetu ngoma haikusubiri Mtaguso. Bujora, pale Kisesa, kilomita 20 hivi kutoka mjini kwenye barabara ya Musoma, Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alianza katika miaka ya 1950 kukusanya nyimbo, ngoma na vifaa vya Wasukuma. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa makumbusho tuliyonayo leo, na kanisa la Bujora lenyewe limebeba alama za utemi wa Kisukuma. Hapo ndipo ilipokolea Bulabo, sherehe ya mwezi Juni inayoambatana na sikukuu ya Ekaristi Takatifu, ambapo Bagika na Bagalu, makundi mawili ya wachezaji wa Kisukuma, wanashindana kwa ngoma siku kadhaa. Mtu akiniambia kwamba kucheza mbele za Mungu ni fasheni ya vijana wa leo, namwelekeza Bujora.

Ila Bujora ina somo kwa upande wa pili pia, na ndilo ninalolithamini zaidi. Ekaristi huadhimishwa, kisha mashindano yanafanyika uwanjani. Mganga wa ngoma anayetafuta ushindi, mashabiki wanaohama kutoka kundi moja kwenda lingine, nyoka na fisi wanaoletwa kuvuta umati, vyote hivyo vina uwanja wake. Wasukuma hawakuona shida kutofautisha ngoma ya kumwabudu Mungu na ngoma ya kushindana. Sisi wa mjini ndio tumeanza kuvichanganya. Ukifika parokia yenye kwaya tatu au nne, utaona kila moja inapopewa zamu inataka iache gumzo kuliko iliyotangulia. Kiitikio kinapandishwa mpaka sauti ya kwanza inafika juu ambako muuza dagaa wa Mwaloni, Kirumba, aliyeamka saa tisa usiku, hawezi kuifuata. Besi wanapewa mizunguko yao, tena wanapewa yao, na mwamini wa kawaida anabaki amefunga mdomo, labda anatikisa kichwa.

Hili Kanisa limelisema waziwazi. Maelekezo ya Vatikano juu ya muziki wa liturujia, Musicam Sacram, ya tarehe 5 Machi 1967 yanakataa desturi ya kuiachia kwaya peke yake nyimbo zote za Misa na kuwatenga kabisa waamini. Waraka haukujali kama kwaya hiyo inapiga ngoma au kinanda. Kwaya inayoimba Kilatini cha sauti nne huku watu wamekaa kimya imekosea sawasawa na kwaya ya vijana inayopiga sebene huku watu wanaangalia.

Je, kosa ni la kwaya? Kwa sehemu, ndiyo, lakini ningependa wanaozilaumu waende kwanza mazoezini siku ya kazi, saa kumi na mbili jioni. Watamkuta muuguzi wa hospitali ya Bugando aliyetoka zamu, dereva wa bodaboda, mwanafunzi wa chuo kikuu cha SAUT, fundi cherehani, wote wamesimama mbele ya ubao wenye solfa, wanarudia mistari miwili kwa saa nzima. Hawalipwi. Sare wamejinunulia, nauli ni yao. Watu wengi wanaojua kusoma nota katika mji huu walizijua kwenye kwaya ya parokia, si darasani. Na bila wao Misa ya asubuhi ingekuwa kimya kabisa, maana hata kiitikio cha zaburi tungeshindwa kukianzisha.

Watunzi wetu nao wametufanyia jambo kubwa ambalo wapenzi wa nyimbo za zamani hawalitambui. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Tuni nyingi zilizotoka Ulaya humalizia mstari kwa pigo zito juu ya silabi ya mwisho, kwa hiyo maneno ya Kiswahili yaliyopachikwa juu yake yalivunjika: Bwana likavutwa mkia, Mkombozi akakazwa asipokazwa. Tumeyazoea hatusikii tena, lakini yamevunjika. Mtunzi anayefikiri kwa Kiswahili huweka pigo mahali mdomo unapoliweka, na wimbo unaingia kichwani bila kusukumwa. Akiongeza mtindo wa kiongozi kutoa na wengine kupokea, ule wa bugobogobo, ngoma ya wakulima wa Kisukuma, na majembe shambani, basi ametunga kitu ambacho watu wa huku wanakiitikia hata kabla ya kufundishwa. Padre Stephen Mbunga, mtunzi kutoka kusini mwa nchi yetu, alilitetea jambo hili kwa hoja za sheria za Kanisa katika kitabu chake cha mwaka 1963 kuhusu sheria hizo na muziki wa Kibantu. Mashaka ya kwamba wimbo wetu haufai kwa sala yalikwisha kujibiwa zamani.

Kwa hiyo upya wa wimbo haunisumbui. Kinachonisumbua ni kasi. Zamani nota zilinakiliwa kwa mkono zikasafiri kwa meli hadi Ukerewe. Sasa wimbo uliotungwa Dar es Salaam asubuhi unafika Nansio, kisiwani humohumo, mchana kwa simu, na Dominika inayofuata unaimbwa. Juma linalofuata kuna mwingine. Hata Misa yenyewe, yaani Bwana Utuhurumie, Utukufu, Mtakatifu na Mwanakondoo, hubadilishwa kila wiki kama kwaya ina hazina kubwa. Mwamini anausikia wimbo mara moja, anaanza kuushika katika ubeti wa tatu, na hausikii tena mpaka Pasaka ijayo. Huyu hawezi kupenda wala kuchukia kwa haki, kwa sababu hajapewa nafasi ya kuujua.

Anayetaka ushahidi aende kwenye msiba. Jumuiya inapokesha nyumbani kwa marehemu, kinanda hakipo, mwalimu wa kwaya pengine hayupo, nota hazipo. Mama mmoja anaanzisha, wengine wanapokea, na nyimbo zinazotoka ni zilezile walizoimba wazazi wetu. Chache mpya zimeingia humo, na ukizichunguza zinafanana: kiitikio cha mistari miwili, sauti isiyopanda sana wala kushuka sana, maneno ya Maandiko. Baadhi ni za taratibu, baadhi zina mdundo wa kuchangamka. Msibani hakuna anayeuliza wimbo ni wa zamani au wa kisasa. Unaimbika au hauimbiki.

Najua jibu la walimu wa kwaya: hata hizo za zamani zilikuwa mpya siku moja. Ni kweli. Lakini zilifundishwa. Katekista alisimama mbele dakika kumi kabla ya Misa, akaimba mstari, watu wakarudia, Dominika baada ya Dominika. Kazi hiyo tumeiacha. Tunawafundisha wanakwaya 40 kwa majuma mawili, halafu tunawashangaa waamini mia kadhaa kwa kutoujua wimbo ambao hawakuwahi kuonyeshwa.

Ningekuwa na sauti katika kamati ya liturujia ya parokia, ningeomba seti moja tu ya nyimbo hizo za Misa itumike kwa kipindi kizima, Majilio mpaka mwisho wake, Pasaka mpaka Pentekoste, na kwaya zote za parokia ziimbe hiyohiyo. Maneno ya Mtakatifu na Mwanakondoo yabaki yale ya kwenye Misale, kitabu cha sala za Misa, maana Maelekezo ya Jumla ya Misale ya Kiroma hayaruhusu kuyabadilisha kwa wimbo mwingine, hata kama mtunzi amepata mashairi mazuri. Kwaresima kinanda kisaidie sauti tu, kama Maelekezo hayohayo yanavyotaka, ukiacha Dominika ya Furaha, yaani ya nne ya Kwaresima, sherehe na sikukuu. Nadhani hapo ndipo parokia nyingi zingegundua kwamba watu wao wana sauti. Maneno ya wimbo mpya yapite kwa padre kabla ya kuimbwa, kwa sababu Mtaguso ulitaka yatoke hasa katika Maandiko na katika liturujia, na nyimbo nyingi za nimebarikiwa-nimebarikiwa zingekwama mlangoni kwa kosa hilo peke yake.

Gharama ipo, na wanakwaya ndio watakaoilipa. Mtu anayejitolea jioni mbili kwa juma hujitolea kwa sababu anajifunza kitu. Ukimwambia aimbe Mtakatifu mmoja kwa miezi miwili, wengine watachoka, wengine watahamia parokia ya jirani yenye uhuru zaidi. Siwezi kulipuuza hilo, kwa sababu kwaya iliyovunjika haimsaidii mwamini yeyote. Ndiyo maana matoleo, shukrani na wimbo wa kutoka ningewaachia wao kabisa: watunge, wajaribu, wapige ngoma, besi wapewe mizunguko yao. Watoto wa Utoto Mtakatifu, chama cha watoto wa parokia, wacheze wakisindikiza vipaji.

Komunio ndiyo tunayovutana zaidi. Walimu wa kwaya ninaozungumza nao wanasema muda wa kukomunisha ni mrefu, watu wako kwenye foleni, hawashiki kitabu, kwa hiyo ni wakati halali wa kwaya kuimba wimbo wake mkubwa wa tafakari. Mimi nasema kwa sababu hiyohiyo ya kutoshika kitabu, uwe ni wimbo wa kiitikio wanachokijua kwa moyo, na ule mkubwa usubiri hadi wa mwisho arudi kukaa.