Ukiona Vyaelea

Kwa muda wa siku tatu niliamini kwamba ukuta wa sebule yetu una mchirizi mweusi. Ulikuwa ukuta mweupe, uliopakwa rangi wiki iliyotangulia kwa jasho langu mwenyewe, na kila asubuhi nilipokaa kwenye kiti changu kuutazama kwa majivuno, niliuona mchirizi uleule, mwembamba kama unywele, umejikunja katikati kama herufi iliyoandikwa na mtoto anayejifunza kushika kalamu. Siku ya kwanza niliupangusa kwa kitambaa kikavu. Siku ya pili niliupangusa kwa maji na sabuni. Siku ya tatu nilikuja na kisu cha kukwangulia rangi, na hapo ndipo mke wangu, ambaye alikuwa amenyamaza muda wote huo, aliponiuliza: "Baba, huo ukuta umekukosea nini?"

Nilimwonyesha kwa kidole. Akasogea karibu, akainama, akavaa miwani yake, akaivua, akasema haoni kitu. Nikageuka ili nimwambie kwamba macho yake sasa yamezeeka, na papo hapo mchirizi ukaondoka ukutani, ukapita juu ya mlango, ukaja kutua katikati ya paji lake la uso.

Sikumwambia alichokuwa nacho usoni. Nilikwenda kujifungia bafuni, nikaipangusa miwani kwa ncha ya shati, nikanawa uso mara mbili, nikapepesa kope kama taa inayotaka kuungua. Uzi ulikuwa palepale, au niseme ulikuwa popote nilipokuwa mimi. Tena haukuwa peke yake. Pembeni yake palikuwa na vidoa vitatu kama sisimizi waliopotezana na wenzao, na kwa mbali kidogo palikuwa na kitu kama pete iliyokatika upande mmoja.

Sura yake ningeivumilia. Kinachoniudhi hadi leo ni tabia yake. Ukiutafuta uzi huo kwa jicho ili uutazame vizuri, unakimbia. Ukiacha kuutafuta, unarudi na kujipitisha mbele yako. Jicho likienda kushoto, nao unakwenda kushoto. Jicho likisimama ghafla, wenyewe unaendelea kidogo, kama abiria aliyesimama ndani ya basi lililofunga breki, kisha unarudi taratibu bila kuomba radhi. Mtu anayenitazama wakati nikiufukuza huona mzee mwenye akili zake akizungusha macho darini katikati ya mazungumzo, na zaidi ya mmoja amedhani ninadharau anachosema.

Ofisini ndiko nilikoaibika kikamilifu. Kazi yangu ni kuhakiki hesabu, kazi ambayo nukta moja inaweza kumharibia mtu siku. Nilimwita kijana aliyeandaa taarifa ya mwezi, nikamfungia mlango, nikamweleza kwa utulivu wa kutisha kwamba ameweka nukta mahali ambapo haipaswi kuwepo, akageuza maelfu kuwa mamoja, na kwamba enzi zetu kosa la namna hiyo halikusameheka. Kijana aliitazama karatasi, akanitazama mimi, akaitazama tena karatasi. "Mzee, nukta ipi?" Niliinamisha macho nimwonyeshe, nikaikuta nukta imehamia mstari wa chini, nilipoifuata huko, ikatoka nje ya karatasi kabisa, ikaingia kwenye kalenda. Nilimwambia arudi mezani kwake nami nitalitafakari jambo lake. Hadi leo anaamini kwamba nilimsamehe.

Basi nikaenda kwa daktari wa macho. Alikuwa binti wa umri wa mwanangu wa pili, mpole, mwenye sauti ya chini, na hiyo sauti ya chini ndiyo iliyoleta balaa nitakalolisimulia. Kwanza alinitia matone machoni, akaniambia nisubiri kama nusu saa hadi mboni zipanuke. Kisha akaniegemeza kidevu kwenye chombo chake, akanimulika kwa mwanga mkali ambao sijawahi kuuona hata kwenye gari linalokuja usiku bila kupunguza taa, akaanza kuniamuru: tazama juu, tazama chini, tazama sikio langu la kulia. Nilitii. Baada ya kimya kirefu akasema jambo ambalo mimi nililisikia hivi: "Mzee, una vimelea."

Vimelea! Nilikiondoa kidevu changu kwenye kile chombo. Nilimweleza kwamba mimi ni mtu msafi, kwamba maji ya kunywa nyumbani huchemshwa, na kwamba nilishameza dawa ya minyoo mwaka huuhuu; nikamuuliza kama kuna aina ya dawa hiyo inayoweza kupanda hadi machoni. Yule binti aliuma mdomo wa chini kwa adabu. "Vielea, baba. Vi-e-le-a. Havina uhai, na wala havili kitu."

Alinichorea jicho kwenye kipande cha karatasi, mchoro ambao sikuuona vizuri kwa sababu ya matone yake mwenyewe, kwa hiyo ninayoyasimulia niliyapata kwa masikio. Ndani ya jicho, nyuma ya lenzi, mna ute mzito unaoangaza kama kioo, nao ndio unaojaza sehemu kubwa ya jicho lote. Kiasi chake ni kama mililita 4, yaani haujazi hata kijiko cha chai, na takriban asilimia 98 ni maji matupu. Sehemu ndogo inayobaki ni pamoja na nyuzinyuzi za protini iitwayo kolajeni, nyembamba mno, zilizopangwa kwa ustadi kiasi kwamba nuru hupita katikati yake bila kujikwaa. Miaka inapokwenda, ute huo hupoteza uzito wake, sehemu zake nyingine huwa majimaji, na zile nyuzi zilizokuwa zimekaa kwa nidhamu hushikamana na kujiviringisha. Nuru ikizikuta, hutupa kivuli nyuma, kwenye retina, ule utando unaopokea picha. Kwa hiyo ule uzi mweusi niliotaka kuukwangua ukutani haukuwa kitu hata kidogo. Ulikuwa kivuli cha kitu, nami nilikuwa nikipigana na kivuli kwa kisu.

Na ile pete? Hiyo, alisema, ina hadithi yake. Baada ya umri wa miaka 50 ni jambo la kawaida ute kusinyaa hadi ukajitenga na retina uliyokuwa umegandamana nayo, na sisi tusioona mbali hutupata mapema kuliko wengine. Pale ulipokuwa umejishikiza kuuzunguka mzizi wa neva ya jicho, hubanduka ukiwa na umbo la duara. Madaktari huiita pete ya Weiss. Nilisikia fahari kidogo kuwa na kitu chenye jina. Vile visisimizi havikupewa jina lolote.

Wahenga wetu walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Walikuwa wakivisema vyombo vya baharini, na maana yao ilikuwa kwamba mtu asione merikebu inakwenda akadhani ilijitengeneza yenyewe. Nililiwaza hilo nikiwa bado kwenye kiti cha daktari, nikamuuliza: hivi vyangu vimeundwa na nani? Akacheka, lakini akanijibu kwa makini. Sehemu kubwa ya nyuzi hizo jicho hujiwekea kabla hata mtu hajazaliwa. Tena kuna mshipa mdogo wa damu unaoilisha lenzi ya mtoto akiwa tumboni, ambao kwa kawaida hutoweka kabla ya kuzaliwa, lakini kwa baadhi ya watu mabaki yake husalia yakielea maisha yote. Kwa maneno mengine, mbao za merikebu hii zilichongwa tumboni mwa mama yangu, zikasubiri zaidi ya nusu karne, zikashushwa majini siku niliyomaliza kupaka rangi.

Kabla hajaniruhusu niende, aliacha kucheka. Alisema retina yangu ni nzima, lakini nikiona vidoa vipya vimemwagika ghafla kama masizi, au miale ikimetameta pembeni kama radi, au kiza kama pazia likishuka upande mmoja wa jicho, nisingoje kesho, kwa sababu ute unapojibandua unaweza kuichana retina, na retina iliyochanika huweza kubanduka, na hapo anayechelewa hupofuka. Alinitaka niyarudie maneno hayo kwa sauti. Niliyarudia kama mwanafunzi: masizi, radi, pazia.

Nilitoka nje mboni zikiwa wazi kama milango ya nyumba yenye harusi. Dunia yote ilikuwa nyeupe. Simu yangu ilikuwa kibao kisicho na maandishi. Nilimwamkia kwa heshima zote mtu aliyesimama kivulini karibu na lango, nikamuuliza hali ya nyumbani, nikashangaa kwamba hajibu, hadi nilipomkaribia nikatambua kwamba ni pipa la maji.

Tatizo la kupewa onyo ni kwamba unakaa ukilingojea. Wiki ya pili, nikiwa nimejilaza chumbani, nilimsikia mke wangu akiita kutoka sebuleni: "Baba, njoo uone, pazia limeshuka!" Niliruka kitandani kama kijana. Nilifika sebuleni mkono mmoja umefunika jicho la kulia, mwingine ukitafuta viatu, nikiuliza ni upande gani, ni upande gani. Mke wangu alikuwa juu ya kigoda, ameshika fimbo ya dirisha iliyong'oka pamoja na msumari wake. "Upande huu," akasema, "na uliupigilia wewe."

Mtu atauliza kama hakuna tiba. Zipo. Kuna mionzi ya leza ya kuvivunjavunja, ambayo haimfai kila mgonjwa. Kuna pia upasuaji wa kuuondoa ute wenyewe, uliobuniwa na daktari Robert Machemer karibu na mwaka 1970, ambapo jicho hutobolewa vitundu vidogo, ute ukakatwakatwa na kufyonzwa, na mahali pake pakatiwa maji ya chumvi. Niliyasikiliza hayo huku nimejishika magoti. Binti yule alinieleza kwamba kwa watu wa umri wangu mara nyingi upasuaji huo huharakisha mtoto wa jicho, na mara chache huichana ile retina tunayotaka kuilinda, kwa hiyo huwekewa wale ambao vielea vimewazuia kabisa kufanya kazi zao. Nilimjibu kwamba sichomi nyumba kwa ajili ya panya mmoja. Vitone vya kununua vya kuviyeyusha havipo, ingawa kila jirani yangu anamfahamu mtu anayeviuza.

Ushauri uliobaki ulikuwa mmoja: "Usivitazame, baba. Ubongo utavizoea, utaacha kuviona." Ninawaomba wenye hekima wanieleze jinsi ya kutokitazama kitu kilicho ndani ya jicho. Mtu akikuudhi sebuleni unahamia chumbani. Huyu utamhamia wapi? Ukifumba macho umemfungia ndani pamoja nawe. Madaktari wa zamani waliijua shida hii, ndiyo maana kwa Kilatini wakaviita muscae volitantes, yaani nzi warukao. Nzi wa kawaida angalau hufa.

Hata hivyo nikiri kwamba yule binti hakukosea. Jioni, mwanga unapofifia na mboni kupanuka, vivuli hupoteza makali yake na uzi huonekana kama moshi. Mchana hunisumbua mbele ya anga jeupe, mbele ya kompyuta na mbele ya ule ukuta, ambao sasa nimeutundikia picha tano za wajukuu ili macho yapate shughuli nyingine. Zipo siku zinazopita bila mimi kuukumbuka, mpaka rafiki mwenye huruma aniulize, "Vipi vile vidudu vyako?" na vyote vitano vinajipanga mstari kumwitikia.

Kilichoniuma siku zote hakikuwa uzi, bali kukosa shahidi. Mwenye kikohozi husikika, mwenye jipu huonyesha. Mimi nilikuwa na maradhi ambayo hata mke niliyeishi naye miaka thelathini aliyachukulia kama kisingizio cha kutorudia kupaka rangi.

Hadi mwezi uliopita. Nilikuwa kwenye kiti changu asubuhi nilipomwona amesimama katikati ya sebule, akapiga kofi hewani. Akanyamaza. Akapiga la pili, kushoto. Akavua miwani, akaipangusa kwa upindo wa kanga. Nilitamani kumuuliza hewa imemkosea nini, lakini nilikumbuka masizi, radi na pazia, nikamwambia avae viatu, nikampeleka siku ileile kwa yule binti. Alipimwa, akatiwa matone, akaambiwa retina yake ni salama. Kurudi nyumbani nilimshika mkono, na tulipolifikia lile pipa nilimwambia mapema kwamba hakuna haja ya kuliamkia.

Jioni tuliondoa picha mbili ukutani, tukawasha taa, tukakaa bega kwa bega tukiutazama weupe. Nilimweleza habari za uzi wangu kwa mara ya kwanza bila kukatizwa, nikamchorea hewani kwa kidole ulivyojikunja. Aliusikiliza wote, akatikisa kichwa, akasema ni mfupi. Wake, alisema, una mbawa mbili na mkia, na akigeuza jicho pole pole, unaruka.

Nimeutafuta wa namna hiyo machoni mwangu tangu siku ile. Sina.