Soga ya kundi si daftari la utafiti

"Tuwatoe hao wa mwanzo, sawa?" Mwingine akajibu kwa kidole gumba. Basi. Ndivyo sisi watafiti sita, kila mmoja na nchi yake, tulivyoondoa sehemu ya data kwenye hesabu zetu. Miezi mitano baadaye mhakiki wa jarida akauliza sababu. Nilikesha nikipekua soga, nikipita salamu za siku ya kuzaliwa na picha za paka, nikisaka "hao wa mwanzo" walikuwa akina nani. Kidole gumba nilikiona. Sababu sikuiona.

Kwa hiyo unapozuka ubishi wa zana zipi zitumiwe na kundi la kazi lililotawanyika, mtu anadhani nitakuwa adui wa soga. Hapana. Wanaoitetea wana hoja. Swali la dakika mbili halistahili barua pepe yenye salamu na hitimisho. Tena mwanafunzi mpya anayeona haya kumwandikia profesa barua huthubutu kuuliza kwenye soga, katikati ya utani wa wengine. Kundi lisilopiga gumzo huishia kuwa watu wanaokutana tu kwenye orodha ya waandishi wa makala.

Lakini soga humpendelea aliye macho. Mwenzako anaamka wewe ukilala. Ukija unakuta ujumbe themanini na uamuzi umeshapita. Halafu kuna suala la kumbukumbu kukaa kwa mwenye duka, yaani kampuni inayomiliki programu. Mwaka 2022 Slack, programu ya soga za kazini, iliacha kuwaonyesha wasiolipa ujumbe 10,000 wa mwisho, ikawawekea dirisha la siku 90 zilizopita. Kuna makala ambazo hukaa kwa wahakiki muda mrefu kuliko huo. Skype nayo, iliyobeba mikutano ya watafiti kwa miaka, ilifungwa Mei 2025.

Ugonjwa huu wa kupoteza kumbukumbu ni wa zamani. Machi 1989, Tim Berners-Lee aliwaandikia wakubwa wake CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa fizikia, kwamba watu wengi hukaa pale kama miaka miwili tu, na kila anayeondoka huondoka na anayoyajua. Kutokana na pendekezo hilo ndipo wavuti ilipozaliwa.

Wapo wanaosema dawa ni seva yenu wenyewe, mkaweka programu za soga kama Zulip au Mattermost, data ikawa mikononi mwenu. Inavutia, hadi uulize nani ataamka usiku seva ikizima. Mara nyingi ni mwanafunzi mmoja wa uzamivu, na akihitimu huenda nywila zikahitimu naye.

Git, programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya faili aliyoitengeneza Linus Torvalds mwaka 2005, inanishawishi zaidi: kila badiliko lina jina, tarehe na nafasi ya kueleza sababu, na kila mtu ana nakala nzima kwenye kompyuta yake, hata intaneti ikikatika. Ila kwa mtafiti anayefanya mahojiano, ambaye hajawahi kuandika amri kwenye skrini nyeusi, ni ukuta. Mlazimishe, naye atarudi kimyakimya kwenye faili linaloitwa "rasimu_mwisho_kabisa_2". Simlaumu.

Kwangu mimi, soga ibaki, ila isiwe na mamlaka ya kuamua. Sisi sasa tuna waraka mmoja wa pamoja: tarehe, tulichoamua, kwa nini, nani alikuwepo. Aliyependekeza ndiye anayeandika, na wasiokuwepo wana siku mbili za kupinga. Hauhitaji fundi wala malipo, na nakala yake tunaishusha kila mwezi. Wanaosema utaratibu huu unachelewesha kazi wanasema kweli. Kuna jambo dogo lililokaa siku mbili nzima huku majibu yote yakiwa "sawa".

Kinachotushinda si programu. Ni mkuu wetu, ambaye kanuni hii aliisifu mbele ya wote. Wiki iliyopita alituma ujumbe wa sauti wa dakika nne kuhusu sampuli mpya. Nimeusikiliza mara mbili. Kwenye waraka bado hakuna kitu.