Mtoto Asianzishwe Harmonika kwa Tremolo

Mzazi akiingia duka la vyombo vya muziki katikati ya jiji kuulizia harmonika ya mtoto, mara nyingi anapewa tremolo, yaani harmonika ya sauti inayotetemeka, ya matundu 24. Ni kubwa, inang'aa, na bei ni nafuu. Jambo hili linakera, kwa maana linawavunja moyo wanafunzi wasio na kosa.

Masomo mengi ya bure mtandaoni hufundishwa kwa harmonika ya matundu 10, ufunguo wa C, yaani do yake ni noti C. Mwalimu akisema "tundu la nne, puliza, sasa vuta", mwenye tremolo anaitafuta noti ambayo haiko pale. Kwenye tremolo kila tundu lina kazi moja, kupuliza au kuvuta, na kila noti ina ndimi mbili za shaba (vibamba vyembamba vinavyotoa sauti), mmoja umepandishwa kidogo ndipo sauti itetemeke. Kwenye ile ya matundu 10, ulimi wa kupuliza na wa kuvuta hukaa chumba kimoja, na ujirani huo ndio unaomwezesha mpigaji kupinda noti vizuri, yaani kuishusha kwa pumzi na mdomo. Tremolo haina ujirani huo. Mtoto anahangaika wiki mbili, kisha anaambiwa hana kipaji. Ana kipaji! Alichokosa ni chombo kinachofaa.

Kwa nyimbo za ibada za taratibu tremolo ni tamu, sikatai. Iwe ya pili basi, au ya tatu.

Hata ukipata ile sahihi, tundu la 2 litakusumbua. Ukivuta, sauti inakwama au inashuka, na wengi huirudisha dukani wakidai ni mbovu. Kwa kawaida si mbovu: taya limekaza na pumzi inavutwa kwa nguvu, hivyo noti inapindika bila wewe kukusudia. Ingiza harmonika ndani zaidi ya midomo, legeza taya, laza ulimi wako chini, vuta polepole kutoka tumboni. Kisha puliza tundu la 3. Zote mbili ni G, kwa hiyo zisipolingana, endelea kulegeza.

Do re mi ianzie tundu la 4, kwa sababu huko chini F na A hazipo mpaka ujue kupinda. Ukifika tundu la 7 mpango unageuka: vuta kwanza, ndipo upulize.

Asubuhi za Julai hapa Nairobi, ipashe moto viganjani kabla ya kupiga. Shaba baridi hukusanya unyevu wa pumzi, na ulimi ulioloa hunyamaza.

Wanaotaka kukusanya waongeze kwanza harmonika za matundu 10 za funguo nyingine: G, A, D. Marine Band, inayotengenezwa na Hohner tangu 1896, inastahili nafasi kabatini, ila mbao zake huvimba zikiloa. Special 20, nayo ya Hohner, ina kiunzi cha plastiki, na hiyo unaweza kuisuuza kwa maji ya uvuguvugu. Kromatiki, ile harmonika yenye kitufe cha pembeni, usithubutu kuiloweka, vali zake zitaharibika.

Ukipata ya mtumba ya matundu 10, ufunguo wa C, puliza tundu la 1, 4, 7 na 10. Zote ni C, kuanzia nzito hadi nyembamba. Moja ikisikika imeshuka na haiafikiani na wenzake, huenda ulimi wake umechoka au umeanza kupasuka. Iache hapo hapo.