Mti Uliougua Ukapona Wenyewe, Nani Ameukagua?

Kuna ujumbe wa sauti unazunguka kwenye magrupu ya wakulima wa korosho, na mimi nimetumiwa na watu ambao hata hawajuani. Jamaa mmoja, kwa mbwembwe zote, anatangaza kwamba wazungu wamegundua virusi vinavyoua ukungu, kwa hiyo salfa sasa basi, ubwiriunga kwisha, kaeni mkao wa kula. (Ubwiriunga ni ugonjwa wa ukungu, yaani kuvu, unaopiga maua ya mkorosho unga mweupe, na salfa ndiyo dawa tunayoupulizia.) Majibu chini yake ni ya makundi mawili. Kundi la kwanza linauliza vinauzwa wapi na lita ni shilingi ngapi. Kundi la pili limeshafunga kesi: ni njama, walianza na korona, sasa wanahamia kwenye mikorosho.

Kundi la pili nitalimaliza haraka. Virusi hivi makazi yake ni ndani ya seli za kuvu. Havina shida na wewe wala mkorosho wako. Tena si habari ya jana: mwaka 1962 Hollings, mtafiti wa Uingereza, alivikuta kwenye uyoga wa kulimwa (uyoga nao ni kuvu) uliokuwa ukidumaa na kuharibika mabandani. Haya, nakubali, kwa mkulima wa uyoga kirusi cha namna hiyo ni hasara tupu. Na wanaodai hatujawahi kumtuma kiumbe kupambana na kiumbe, waulizeni wakulima wa mahindi kuhusu Aflasafe: ni kuvu isiyotoa sumu, imepandishwa kwenye punje za mtama, inamwagwa shambani iwahi nafasi kabla ya ile yenye sumu. Baada ya sumukuvu kuua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, nilidhani mjadala huo tumeshaufunga.

Wanaoniumiza kichwa ni hawa wa lita shilingi ngapi.

Turudi nyuma kidogo, tuone kirusi cha namna hii kilivyowahi kuokoa miti. Mwaka 1904, kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, New York, miti ya chestinati, ile yenye njugu zinazoliwa, ilianza kukauka. Kuvu ilikuwa imeingia na miche kutoka Asia Mashariki. Inapenya kwenye jeraha la gome, inatambaa chini kwa chini, inauzungushia mti kidonda mpaka chakula na maji havipiti. Mizizi inabaki hai, inatoa chipukizi, chipukizi likinenepa kidogo kuvu inalirudia. Kufikia mwaka 1950 miti inayokadiriwa kuwa bilioni 3 hadi 4 ilikuwa imekwenda. Bilioni, hujasoma vibaya. Jimbo la Pennsylvania liliunda tume mwaka 1911, ikakata na kuchoma, na mwaka 1913 tume ikafungwa huku kuvu ikiendelea na safari yake. Wenye misitu nao wakawahi kukata hata miti mizima, wauze mbao kabla haijakauka imesimama. Mingapi kati ya hiyo ingeweza kuhimili? Hilo halitajulikana kamwe, kwa sababu shoka halichukui sampuli.

Mwaka 1938 kuvu ile ile ikaonekana karibu na Genoa, Italia. Kule chestinati si pambo la msituni. Vijiji vya milimani vilikuwa vinasaga unga wake na kupitisha nao majira ya baridi. Watu wakajiandaa kwa yale yale ya Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mtaalamu wa magonjwa ya mimea, Antonio Biraghi, akapita kwenye miti iliyokuwa imeshambuliwa tangu zamani, akaona kitu cha ajabu: vidonda vipo, lakini mashina hayafi. Gome limevimba, kidonda kimejifunga. Angeweza kuandika "miti imeathirika", akapiga muhuri na kwenda kula chakula cha mchana. Hakuandika hivyo. Alisimama akauliza kwa nini huu haujafa.

Mfaransa Jean Grente akalichukua swali hilo miaka ya 1960. Akaiotesha kuvu iliyotoka kwenye vidonda vinavyopona, na badala ya rangi ya chungwa iliyozoeleka ikaota nyeupe, imelegea. Akaikutanisha na ile kali. Ile kali nayo ikalegea. Ulegevu ulikuwa unaambukiza! Basi Wafaransa wakaanza kutoboa vitundu pembezoni mwa vidonda na kuvijaza uji mzito wa kuvu dhaifu, na miti ikawa inajifunga. Wakati Grente anaanza hayo, hakukuwa na mtu aliyejua kwamba mhusika ni kirusi. RNA yake, yaani jeni zake, ilikuja kuonekana miaka ya 1970, na mwaka 1992 ndipo watafiti Choi na Nuss, kule Marekani, walipoweka nakala ya jeni za kirusi ndani ya kuvu isiyonacho, ikadhoofika, ubishi ukaisha.

Naomba uangalie huo mtiririko. Maabara ilikuja mwisho. Kilichotangulia ni mtu kutembea shambani akiangalia miti iliyopona, wakati wengine wote wanahesabu iliyokufa.

Sasa linganisha na yanayofanyika kwetu. Marehemu mjomba wangu alikuwa na mkorosho mmoja kule Newala, kila msimu unashikwa na ubwiriunga kama mingine, maua yanapigwa unga mweupe, halafu katikati ya msimu unga unakatika na mti unabeba. Hakuwahi kuupulizia kwa sababu ulikuwa kwenye mteremko ambao mashine haifiki vizuri. Yeye alisema ni dua ya bibi. (Bibi mwenyewe alisema ni mkojo wa mbuzi, na familia yetu bado haijakubaliana.) Akaja afisa mmoja wa kilimo kukagua, kijana mpole tu, na mjomba akamburuta hadi mteremkoni. Kijana akautazama mti, akasema, "Mzee, huu hauna tatizo," akarudi juu kuandika yenye tatizo.

Najua mtakachosema. Pengine ilikuwa mbegu tu, na watu wa Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo kule Mtwara, wamefanya kazi kubwa ya kutafuta mikorosho inayovumilia ubwiriunga, sikatai. Pengine ni upepo wa mteremkoni. Pengine ni mbuzi. Sidai kulikuwa na kirusi pale, ningejuaje? Ninachosema ni kwamba kama kingekuwepo, sisi ndio tungekuwa wa mwisho kukijua.

Kwa mnaosubiri lita: Wamarekani walisubiri kama ninyi. Mwaka 1972 waliagiza kuvu dhaifu kutoka Ulaya, wakaipeleka Connecticut kwa matumaini makubwa. Kidonda kimoja kimoja kilitibika. Msitu haukupona, ukiacha sehemu chache. Sababu ni kwamba kirusi hiki hakina ganda, hakiwezi kusafiri peke yake. Kinapita pale nyuzi za kuvu mbili zinapoungana, na kuvu haiungani na yeyote tu. Zina koo zake, kama watu walivyo na ukoo. Zikikutana za koo tofauti, seli za mpakani zinajiua, na kirusi mara nyingi kinaishia hapo hapo. Sehemu nyingi za Ulaya zilikuwa na koo chache, Marekani zilikuwa nyingi zimechanganyika. Juu ya hapo, mbegu za kuvu zinazotokana na kujamiiana hazikibebi kabisa. Kwa hiyo kirusi kile kile, kuvu ile ile, mti wa jamii ile ile, huku kazi inafanyika na kule inakwama. Na sisi tunataka kitu kilichofungwa kwenye chupa mahali fulani, tupulize Tandahimba, bila mtu kutuambia ubwiriunga wetu una koo ngapi.

Wachina wamepata bahati nzuri zaidi. Mwaka 2010 watafiti wa Wuhan walitangaza kirusi cha DNA kwenye kuvu inayoozesha rapa, zao la mafuta, ambayo ndiyo ile ile inayotesa maharage na alizeti, na hicho kinaweza kuambukiza kikiwa nje ya seli, hata kwa kupuliziwa. Baadaye wakaonyesha kuwa kuvu iliyokipata inaacha kuua na kuishi kwa amani ndani ya mmea. Nimefurahi kwa niaba yao. Lakini nacho kilitoka kwenye kuvu ya shambani kwao, iliyoonekana dhaifu kuliko wenzake, na kuna mtu hakuitupa.

Halafu kuna suala la biashara, ambalo yule wa sauti hakuligusa. Salfa unanunua kila msimu. Kitu kinachosambaa chenyewe bila risiti, duka la pembejeo litakipendea nini? Hakuna wakala atakayekuja kijijini na fulana na kofia za bure kukitangaza. Kazi hii ikifanyika itafanywa na bwana shamba na chuo cha umma, kwa fedha ya umma, au haitafanyika.

Fomu ya ukaguzi niliyoiona ina safu ya miti iliyoathirika na safu ya dawa iliyotumika. Ongezeni safu ya iliyougua ikapona bila dawa. Nafasi kwenye karatasi ipo, kulia kabisa, pale wanapoandika "maoni" na kuacha wazi.