Mjane Aliyevaa Magugu

Miaka kadhaa iliyopita, nikisahihisha zoezi la tafsiri la kidato cha tatu, nilikutana na sentensi iliyosema kwamba mjane aliketi mlangoni "akiwa amevaa magugu yake meusi." Niliizungushia wino mwekundu, kisha nikasita, kwa kuwa aliyeiandika hakuwa mzembe hata kidogo: aliliona neno "weeds", akafungua kamusi, akapewa magugu, naye akamvika mjane alichopewa. Lawama naielekeza kwa kamusi zetu za shuleni, ambazo huliorodhesha neno la Kiingereza kana kwamba lilizaliwa juzi.

"Weeds" za mjane hazihusiani na shamba. Kiingereza cha kale kilikuwa na maneno mawili, moja la gugu na jingine la vazi, ambayo karne zilivyopita yalikuja kufanana kwa sauti na kwa maandishi. Wakati wa Shakespeare lile la vazi lilikuwa lingali hai. Oberon, mfalme wa majini wa msituni, anaitaja ngozi aliyojivua nyoka kuwa ni "weed" yenye upana wa kutosha kumfunika jini mmoja. Ukitia gugu hapo umeuharibu mstari wote, maana utamu wake umo katika udogo: kigozi chembamba kilichoachwa majanini kinamtosha kiumbe mzima kujitanda. Nasema kujitanda kwa makusudi, kwa sababu ndilo neno la mama zetu wa pwani wanapojifunika leso kuanzia kichwani, na sijaona lililo bora zaidi kwa mstari huo.

Leo vazi hilo limebaki kwa wajane tu, katika nguo nyeusi kama zile ambazo Malkia Victoria alizivaa tangu alipofiwa na mumewe Albert mwaka 1861 hadi yeye mwenyewe alipofariki mwaka 1901. Eda ya mjane wa Kiislamu ni miezi 4 na siku 10; ya malkia huyo ilikaribia miaka 40.

Maoni yangu ni kwamba maneno ya mavazi yakizeeka hukimbilia msibani na kanisani, mahali ambapo mitindo haibadiliki upesi. "Habit" ilikuwa nguo ya mtu yeyote. Sasa, ukiacha maana ya mazoea, mwenye kuivaa kwa kawaida ni mtawa. Lakini neno linalonisumbua zaidi darasani ni "shroud". Hapo mwanzo lilikuwa vazi tu, la sokoni au la shambani, likaja kumaanisha kitu chochote kinachofunika na kusitiri, kisha likaishia kuwa sanda. Bunge la Uingereza hata liliitungia sanda sheria: kwa sheria ya mwaka 1678, maiti alipaswa kuzikwa katika nguo ya sufu ya kondoo, na waliokaidi walitozwa faini ya pauni 5, yote hayo ili wafanyabiashara wa sufu wasikose soko. Sheria hiyo haikufutwa mpaka mwaka 1814. Sasa mchukue mwanafunzi anayejua sanda peke yake, umfungulie Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 pale nabii Ezekieli anapousifu mwerezi wa Lebanoni kwa matawi yake mazuri na "shroud" yake yenye kivuli. Ataukafini mti mbichi uliosimama.

Si kila neno limekwenda makaburini. "Kerchief" lilitoka kwa Wafaransa likiwa na maana ya kifunika kichwa, kisha Waingereza wakalitanguliza neno la mkono wakapata kitambaa cha kufutia jasho, yaani kifunika kichwa cha mkononi, jambo ambalo halionekani kumshangaza yeyote. Leso yetu ilisafiri kinyume chake: ilitoka kwa Wareno ikiwa kitambaa cha mkononi, na leo inamfunika mtu mzima. Ndugu wa "kerchief" ni neno ambalo Wakenya tuliliimba kuanzia Machi 2020 hadi Oktoba 2021, yaani kafyu. Asili yake ni agizo la kufunika moto, kwani katika miji ya Ulaya ya enzi za kati kengele ilipigwa usiku ili kila nyumba ifukie makaa yake, moto usije ukateketeza mtaa.

Lipo pia "bombast", ambalo katika karne ya 16 lilikuwa pamba ya kushindilia ndani ya koti ili mwenye kifua chembamba aonekane jabali. Punde likahamia kwenye hotuba zilizojazwa kwa namna hiyo hiyo. Mswahili naye husema fulani anapamba maneno, ingawa huko kupamba hakutoki katika shamba la pamba.

Wapo wenzangu wanaosema kwamba mambo haya ni mzigo usio wa lazima kwa watoto wanaojiandaa kwa mtihani. Sikubaliani nao, maana watoto hao hao tunawapa Shakespeare wamsome, halafu tunawanyima maana alizozikusudia, tena tunawakata alama. Mwandishi wa magugu nilimrudishia alama yake. Kisha nikaichukua kamusi ya darasa, nikaandika pembeni kwa kalamu ya risasi: "zamani, vazi."