Ngiri wa Ikweta

Mimi mtu wa Kisauni, baridi naijua ya ndani ya friji. Kampuni ilipotupeleka mkutano katika hoteli moja ya kifahari nje ya Nanyuki, chini ya Mlima Kenya, nilibeba makoti mawili na kuyavaa yote kwa pamoja.

Wenzangu wakaenda kupanda farasi. Mimi, mhasibu wa kampuni, nikateuliwa kumsindikiza bosi kwenye gofu, kazi yangu ikiwa kusema "Safi sana!" kila akipiga.

Uwanja wenyewe una vituko. Ikweta imeukata, unapiga mpira ukiwa kusini unaangukia kaskazini. Tena huko ni zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi, mpira unafika mbali kuliko kwetu pwani. Bosi alidhani ni misuli yake. Nami nikasema safi sana.

Mpira ukatua mbele ya ngiri. Jamaa kapiga magoti ya mbele, anakula majani taratibu, ungedhani yumo kwenye sala.

"Mwondoe huyo," bosi akaniambia.

Kedi, yule mbeba fimbo za gofu, mzee mpole, akatikisa kichwa. "Mwacheni, ataondoka mwenyewe."

Lakini barua yangu ya kupandishwa cheo ilikuwa bado haijatiwa saini. Nikamwendea ngiri nikipiga makofi.

Ngiri akainuka. Mkia ukasimama wima. Sikungoja maelezo. Nilirukia kigari cha gofu, nikakanyaga chochote kilichokuwa chini ya mguu. Vile vigari ni vya umeme, havingurumi. Nilishtukia tu miti inanipita. Mteremko nao ukanipokea. Nikavuka Ikweta nikisoma kila dua niliyofundishwa chuoni, nikakata kona, nikaivuka tena. Wenzangu juu ya farasi wamesimama, simu mikononi, wanarekodi.

Breki niliiona nikiwa tayari ndani ya shimo la mchanga. Ngiri, kumbe, alikimbilia upande wa pili zamani. Na mpira wa bosi nilikuwa nimeupitia juu, umezama ardhini, hauonekani.

Bosi akafika akihema. "Mzee, sheria inasemaje?"

"Mpira uliosimama ukisogezwa na mnyama, unarudishwa pale pale. Hakuna adhabu."

"Na ukisogezwa na mhasibu?"

Kedi akanitazama, makoti mawili, mchanga hadi kwenye nyusi.

"Huyu," akasema, "tumhesabu na ngiri."